Nilichokiona Nikaandika "Kawaida"

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nesi mkunga niliyepangiwa Kigoma kutoka Njombe, na nilijivunia sana vidole vyangu. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwa nyuso zetu wenyewe. "Guseni ncha ya pua," alisema. "Mlango wa kizazi wa mwanamke asiye na mimba uko hivyo. Sasa guseni midomo. Mimba ikiingia, unalainika hivyo." Na rangi nayo hugeuka, ule uwaridi unakwenda kwenye zambarau, kwa kuwa damu inayofika pale imeongezeka. Wenzangu walicheka. Mimi nilishika.

Ijumaa moja tulikuwa na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwenye kituo chetu cha afya. Wanawake walijaa mabenchi hadi nje. Karibu saa saba mchana akaingia mmoja kutoka Kibirizi, mwanika dagaa, akaomba radhi kwa harufu ya mikono yake kabla sijasema neno.

"Panda kitandani, mama."

"Niite dada tu. Sijazaa."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesahihisha jina lake lililoandikwa vibaya. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ndoa yake ina miaka kumi na miwili. Nilipomuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, aliinua mabega.

"Miezi miwili? Yangu haijawahi kuwa na mpangilio, wala sihesabu tena. Wewe niangalizie saratani. Mambo ya watoto usiniguse."

Nilipaka siki, nikasubiri, nikamulika. Hapakutokea doa jeupe lolote, kwa hiyo dalili ya saratani haikuwepo. Lakini mlango wa kizazi ulikuwa wa zambarau. Nikaingiza vidole kuhakikisha. Ulikuwa laini kama mdomo. Nilipousogeza kidogo tu, alishtuka akakunja uso.

"Pole. Panauma?"

"Upande huu kidogo. Chango hilo, litaisha."

Nilijua kilichotakiwa. Vipimo vya mimba vilikuwa vimetuishia, lakini ningeweza kumwandikia barua aende hospitali akapimwe kwa mashine. Ili kufanya hivyo ningelazimika kukaa naye, kumwambia neno mimba mtu aliyeniomba nisimguse huko, kisha kumtuliza kwa lolote litakalofuata. Nilijiambia namhurumia. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba jioni ile mwenzetu alikuwa na sherehe ya sendoff mtaa wa Kasingirima, gauni langu la sare lilikuwa bado kwa fundi, na nje walibaki wanawake sita. Nikaandika kwenye kadi: kawaida.

"Uko salama, dada," nikamwambia.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mdogo wangu. Hofu ilikuwa inanimaliza."

Namba yake ya simu ilikuwa kwenye rejista. Nilipanga kumpigia Jumatatu. Jumatatu ilikuwa kliniki ya chanjo. Jumanne nilisahau. Jumatano nilikumbuka, nikaona aibu kwamba nimechelewa, na aibu hiyo ikanifanya nichelewe zaidi.

Wiki ya pili akaja mwanamke mwingine, macho mekundu, anauliza kadi ya wifi yake, yule dada wa Kibirizi. Hospitali walikuwa wanataka kujua kama amewahi kupimwa chochote.

"Tulikwenda Ilagala kufuata dagaa," akanieleza akiwa amesimama. "Tumbo likamuuma siku tatu. Tukamwambia turudi mjini, akakataa. Akasema nesi ameshamwangalia, yuko salama. Akawa anakunywa tangawizi. Siku ya nne akaanguka pale pale ufukweni."

Walimpakia kwenye boti hadi Kigoma, akiwa hajitambui nusu ya safari. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, mrija wa uzazi ukapasuka. Alipasuliwa, akaongezewa damu, akapona.

Nilimpa kadi. Kisha nikaingia kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, mama mtu mzima, nikamweleza yote. Alifungua rejista akasoma mstari ule.

"Uliona, au hukuona?"

"Niliona, mama."

Alifunga rejista. "Ningependa uniambie hukuona."

Nilipewa onyo la maandishi, nikastahili. Kesho yake nilikwenda wodini nikiwa nimejipanga kumwambia ukweli. Mgonjwa alikuwa amepauka, midomo imekauka, lakini aliponiona alijaribu kuinuka. "Jamani, nesi wangu! Umeacha kazi zako kuja kuniona?" Akamwambia wa kitanda cha pili kwamba mimi nina roho nzuri. Nikamenya chungwa nililomletea, nikamlisha, nikaondoka bila kusema.

Ilinichukua wiki sita nyingine. Nilimkuta Kibirizi, ameketi pembeni mwa chanja ya kuanikia kwa kuwa alikuwa bado hajaruhusiwa kunyanyua vitu, anachambua dagaa. Nilisalimia, nikakaa chini kwenye mchanga, nikasema kabla ujasiri haujaniisha. Nilimweleza rangi, ulaini, na pale alipokunja uso. Nikamwambia na ya sendoff, maana kuificha kungekuwa uongo mwingine.

Mikono yake ilisimama.

"Ungeniambia, mtoto angepona?"

"Hapana. Pale alipokuwa asingeweza kukua. Lakini wewe ungetibiwa mapema. Usingefika kule ulikofika."

"Kwa hiyo siku zile zote nilikuwa na mimba."

"Ndiyo, dada."

"Miaka kumi na miwili nasubiri kuambiwa neno hilo." Alinitazama. "Likaja, ukalijua wewe peke yako, ukaenda nalo kwenye sherehe."

Nilisema nisamehe, na sauti yangu ikasikika ndogo, ya mtu anayeomba apunguziwe mzigo wake mwenyewe. Alirudi kwenye dagaa wake.

"Nimesikia," akasema bila kuniangalia. "Sasa nenda. Usije tena hapa."

Sikwenda tena. Huu ni mwaka wa nne tangu siku ile. Nimebaki Kigoma, ingawa uhamisho nilishapata nafasi ya kuuomba mara mbili. Nikiona kitu nakisema, hata kama ni mashaka tu, hata mgonjwa akilia, hata benchi likiwa limejaa. Wenzangu wananiona ninachelewesha foleni.

Mwezi uliopita nilikutana naye sokoni, yeye na mumewe. Sijui kama alipata mimba nyingine. Hakuwa na mtoto mgongoni, na mimi sina haki ya kuuliza. Mumewe, ambaye nadhani hajaambiwa kitu, alinichangamkia akanishukuru kwa lile chungwa. Mke akaitikia salamu yangu kwa heshima, akamshika mumewe mkono, wakaendelea na safari yao.