Mbio za Kwenda Msibani

Daktari aliniambia nikimbie kila asubuhi nipunguze tumbo. Yeye ni mgeni, hajui kwamba hapa Sumbawanga mtu mzima hakimbii bure.

Siku ya kwanza tu, kwenye baridi ile ya kukata masikio, jirani yangu, mama wa makamo, aliniona nikipita mbio.

"Baba, nani amefariki?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Nikampungia mkono, maana yangu hakuna kitu. Yeye akaelewa kwamba habari ni nzito, haisemeki. Akajifunga kanga kiunoni akanifuata huku analia. Kilio chake kikamleta mfugaji mmoja na fimbo yake, akidhani ng'ombe wameibwa, kisha kijana wa bodaboda aliyekasirika kabisa nilipokataa kupanda.

Kwenye barabara ya Chala miguu ikagoma. Nikasimama, wakanizunguka.

"Nafanya mazoezi!" nikafoka. "Napunguza tumbo!"

Jirani akafuta machozi, akalitazama tumbo langu kwa huzuni ileile.

"Sasa mimi nimeshalia," akasema. "Watu wakishalia hawatawanyiki bila kula."

Niligomba weee, lakini nani anamshinda mama aliyekwisha kulia? Tukarudi kwangu wote, mke wangu akasonga ugali wa ulezi sufuria zima. Waombolezaji wakala wakashiba. Na tumbo langu, ambalo kwa kweli ndilo lililokuwa marehemu, likala kuliko wote.