Ukuta Tuliouombea

Siku yangu ya kwanza ya uinjilisti sikuhubiri, nilibeba mawe. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimetoka shule juzi tu, mwenye haya kiasi cha kusalimia watu huku natazama miguu yao. Mchungaji alinipeleka kijiji cha milimani juu ya Same, nikakuta baragumu la msaragambo limeshalia, yaani kazi ya kijiji kizima. Tulikuwa tunajenga upya ndiva, bwawa la kukinga maji ya mfereji ili yafunguliwe mashambani kwa zamu. Safari hii ukuta ulikuwa wa saruji, iliyochanganywa na Fundi wa misheni, mzungu mpole.

Kazi ya mwinjilisti ilikuwa kufundisha wanaobatizwa, kutembelea wagonjwa na kuzika Mchungaji akiwa mbali. Mimi niliongezewa moja: kuwatuliza wazee waliozoea kuchinja mbuzi kabla ya ndiva kujazwa. Niliwaambia hakuna haja, saruji nayo ni kipawa cha Mungu, na tumeshaiombea. Waliniamini. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Jua likawa kali, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Jumapili moja asubuhi Mzee Senkondo, mlinzi wa ndiva, aliniita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka, kiganja chake kimeegemea ukuta. Chini kabisa maji yalichuruzika kwenye ufa mwembamba. Alisema mlango wa mfereji ungemwaga polepole mno. Kama ni kuokoa waliokaa chini yake, tubomoe ukingo wa pembeni, maji yote yaende korongoni.

Chini ya ukuta alikaa Mama Nakiete, mjane, na wanawe wanne. Nilimsihi ahame. Akanicheka.

"Si ulisema umeombewa? Au ulitudanganya, mwinjilisti?"

Nikakimbilia kwa Mchungaji. Akanikumbusha kwamba ndiva ingechukua wiki kujaa tena na mahindi yasingesubiri. Kisha akasema taratibu, "Leo ukawaambie watu waliogope ombi lao wenyewe?"

Nilisimama kanisani. Badala ya somo nikasema, "Nilikosea kuwaahidi. Nendeni mkabomoe ukingo."

Wakaenda. Fundi alipopanda kutoka Same alikwaruza ufa kwa msumari, akasema huenda ukuta ungeshika, huenda usingeshika. Yeye hawezi kuapa. Mahindi yakanyauka. Mama Nakiete alinikuta njiani na kikapu kitupu, akasema wanawe wako hai na wana njaa, hajui anishukuru au anilaani.

Baadaye nilitumikia huko tambarareni chini ya wachungaji watatu. Nikaona karabai, redio na sindano, na kila kipya nilikiombea bila kukitolea ahadi. Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama mitambo hupunguza imani. Sijui. Najua kwamba mwinjilisti alilishwa nyumba kwa nyumba, na katika njaa ile nililishwa na watu niliowakaushia mahindi. Hakuna aliyeninyima uji. Mpaka leo bakuli likiwekwa mbele yangu, nauliza kwanza kama watoto wa nyumba wameshakula, ndipo naanza sala.