Kidole Gumba cha Fundi

Fundi wetu wa mtambo wa kuhifadhi kurasa, hapa kiwanda cha uchapaji, hasomi magazeti, huyapapasa tu. Kurasa za ndani huchapwa asubuhi, na mtambo wake huzizungusha kwenye magurudumu makubwa, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, zisubiri kurasa za habari za jioni. Skrini ikisema wino umekauka, yeye husugua ukurasa kwa kidole gumba, akakitazama, kisha akakifuta kwenye mfuko uleule wa ovaroli, ambao sasa ni mweusi tii.

Jana kidole kilitoka na wino, gurudumu likiwa limeshajaa nusu. Akazima mtambo. Msimamizi akaja mbio. “Mzee, kulikoni? Skrini inasema tayari.” Fundi akamwonyesha kidole. “Lakini huu si ukurasa wa matangazo ya vifo tu? Nani atauangalia?” Fundi akamfunulia nakala moja. Kwenye picha ya bibi mmoja, wino ulikuwa umetapakaa hadi kuziba jicho. “Wanawe wataikata hii, waitie fremu,” alisema, akaanza kuchomoa zilizoharibika, moja moja. Msimamizi akatazama saa, kisha akakunja mikono ya shati.