Babu na Watu wa Mawe

Babu yangu aligombana na watu waliokufa kabla hata mahindi hayajafika Iringa. Ugomvi wenyewe uliletwa na mwalimu mmoja wa chuo, aliyekuja kijijini kwetu, huko juu ya Ilula, na wanafunzi wake kutazama mawe. Waliokota vijiwe korongoni, wakavisugua kwa mswaki, wakavitia kwenye vifuko vya nailoni na kuviandika namba. Babu, ambaye ametengeneza mishale maisha yake yote, akawatolea mmoja wa kwake: matete makavu, ncha ya chuma iliyofuliwa kutokana na msumari wa inchi sita. Mwalimu akausifu kwa adabu. Angeishia hapo tungekuwa na amani mpaka leo. Lakini akaongeza kwamba watu wa kale wa hapo hapo walichonga ncha kwa mawe matupu, na nyingine zilikuwa kali kuliko chuma.

"Kuliko hii yangu?" babu akauliza.

"Nyingine, ndiyo, mzee."

Wageni hawajafika hata barabara ya lami, babu amekwisha ingia korongoni na ndoo kuokota mawe.

Nijitambulishe. Mimi ni mjukuu wake wa kike, na tangu nizaliwe ananiita mke wangu, nami namwita mume wangu. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Maneno ninayomwambia babu, ningemwambia baba yangu nusu yake, ningelaaniwa mbele ya ukoo mzima. Bibi alipofariki nikabaki mke pekee, na babu akatangaza msibani kwamba amebakiwa na yule asiyejua kupika. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Nilikuwa na kibanda cha sare za shule Mwanjelwa, Mbeya, na kila nilipopata nafasi nilipanda basi kwenda kumtukana mume wangu na kumfulia mashuka.

Mwaka ule wa mawe ndipo nilipoona kwamba haoni. Nilimkuta akiamkia nguzo ya banda, "Kamwene," kwa heshima zote, na kuikasirikia kwa kutoitikia. Chai aliimimina pembeni ya kikombe. Nikamburuta hospitali. Daktari akamulika tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekomaa kiasi kwamba lisicheleweshwe. Mwisho wa Agosti madaktari bingwa wangefika Iringa mjini kupasua. Jina la babu likaandikwa. Asipofika siku hiyo, mpaka mwaka unaofuata, na kuhusu jicho la kulia daktari hakutaka kuahidi kitu.

Nilidhani babu atafurahi. Tulipofika nyumbani akatoa uamuzi wake.

"Siendi mpaka nimempiga kanga kwa mshale wa jiwe."

"Mume wangu, una wazimu?"

"Wakinipasua vibaya je? Nitakaa gizani mpaka nife, na nitakuwa nimeshindwa na watu ambao hawakuwa hata na suruali."

Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwita mchungaji. Mchungaji alikaa naye saa nzima, akatoka amechoka, maana babu alitaka kwanza ajibiwe kama watu wa mawe wako mbinguni, na kama wako, wanawinda nini. Niseme ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimeona vipofu wa kijijini wanavyokaa ukutani kutwa nzima wakisubiri mtu wa kuwahamishia kwenye kivuli. Sikutaka mume wangu awe mmoja wao. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikafunga kibanda Mwanjelwa, nikawa fundi wa mishale.

Matete alikuwa ameshayakata mwezi wa sita, baada ya mvua kuisha, na kuyalaza kwenye dari ya jikoni yakaushwe na moshi. Yalikuwa ya rangi ya asali na yananuka maharage. Kazi ya kwanza ilikuwa kuyanyoosha: unapitisha juu ya makaa, unabonyeza pale palipopinda, unaachia, unachungulia. Kuchungulia ilikuwa kazi yangu. Babu aliyapitisha mdomoni, kwa midomo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kila mara aligundua kipindo ambacho mimi, mwenye macho mawili mazima, sikukiona. Kisha unachomeka mbele kijiti cha mti mgumu, ili utete usipasuke, na kwenye kijiti hicho ndipo jiwe linapokaa.

Jiwe sasa. Babu alitumia yale meupe ya mtoni yanayopitisha mwanga kidogo. Unaliweka jiwe kwenye kipande cha gunia pajani, unaligonga kwa jiwe lingine, na kipande kinachobanduka unakibonyeza ukingoni kwa ncha ya pembe ya mbuzi, kinameguka kidogo kidogo. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo, unapata kokoto na damu. Ndoo nne za mawe zilitupatia ncha nne. Babu alijikata vidole vyote isipokuwa vile alivyovikunja, na kila alipojikata alimtukana mtu fulani wa kale, kwa Kihehe, kana kwamba yuko jirani.

Ncha hufungwa kwa ukano, ule mshipa mweupe wa mgongoni mwa mbuzi. Ukikauka unabana kuliko waya, lakini kwanza lazima utafunwe mpaka ulainike. Babu hakuwa na jino hata moja.

"Tafuna, mke wangu. Ndiyo mahari yangu hiyo, nakula kwa meno yako."

Nilitafuna mshipa wa mbuzi siku mbili. Mpaka leo nikiona supu ya mbuzi nahama meza.

Mwisho ni manyoya, matatu kwa kila mshale, na hapo babu hakuwa na utani. Yote matatu yatoke kwenye bawa la upande mmoja, la kulia au la kushoto, mradi yasichanganywe. Manyoya ya bawa moja yamepinda upande mmoja, mshale unazunguka vizuri na kwenda moja kwa moja. Ukichanganya, kila unyoya unavutia kwake, na mshale unakwenda kutembea. Aliniambia hivyo mara kumi. Nilimwambia nimesikia, mimi si mtoto wa chekechea.

Kila alfajiri tulikwenda kulala kifudifudi kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, kungojea kanga waje kuokota punje. Walikuja. Babu aliwasikia kabla yangu, na kwake walikuwa ukungu wa kijivu unaotembea. Mshale wa kwanza uligonga mwamba, kazi ya siku tano ikawa unga. Wa pili uliingia kwenye matete ya mtoni, nadhani ulikuwa unarudi kwao. Wa tatu ulikaribia kweli, kanga aliruka akaacha unyoya mmoja hewani, na babu akakohoa kwa furaha, kundi zima likahama kwa siku nne.

Ukabaki mshale mmoja, wenye ncha nzuri kuliko zote. Na siku mbili kabla ya hospitali nikakuta panya wa darini wamekula manyoya yake.

Hapo ndipo nilipofanya uhuni. Jirani alikuwa amechinja jogoo, nikaenda jalalani kwake jioni nikachukua manyoya yaliyokuwa safi. Mawili yalikuwa ya bawa la kushoto, moja la kulia. Nililijua hilo. Nilikuwa nimechoka, jua linazama, nikajiambia haoni, na nikayabandika. Tena sikuishia hapo. Niliteremka Ilula, kwa mama mmoja muuza nyanya ambaye hufuga kanga nyuma ya nyumba yake, nikanunua kanga mnene, nikapanda naye kilimani ndani ya kiroba.

Alfajiri nilimfunga mguu kwa kamba ya katani nyuma ya lundo la mabua, nikarudi kumwamsha babu. Kanga yule alipiga kelele za kulalamika mpaka nikaona aibu. Babu akapiga magoti. Akaupitisha mshale midomoni kama kawaida yake, kuanzia kwenye jiwe mpaka kwenye manyoya. Alipofika kwenye manyoya alisita kidogo. Kisha akauweka kwenye upinde, akavuta, akaachia.

Mshale ulikwenda hatua kumi vizuri, ukageuka kushoto, ukaanguka kwenye maboga.

Nilikwisha anza kukimbia. "Umempata! Mume wangu, umempata!" Nikauokota mshale kwenye maboga, nikamrukia kanga, nikamnyonga, nikakata kamba kwa ile ile ncha ya jiwe, halafu nikamchoma nayo chini ya bawa. Hapo ndipo nilipopata mshtuko. Jiwe liliingia bila kubishana hata kidogo, likatokea upande wa pili, likanichana kiganja. Mwalimu wa chuo alisema kweli. Zilikuwa kali kuliko chuma.

Babu alifika akipapasa njia kwa upinde. Nikampa kanga wake. Akapapasa kifua, akapapasa miguu, akaupapasa mshale wote. Damu ilikuwa inanitiririka mkononi.

"Haya," akasema. "Tukampike. Kesho twende tukapasuliwe."

Alikula miguu yote miwili, nyama nikaichambua kwa ajili yake. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari, na babu alitaka mwalimu wa chuo apigiwe simu aje aombe radhi.

Walimpasua jicho la kulia kwanza. Siku ya pili asubuhi muuguzi alifungua bandeji, babu akapepesa, machozi yakamtoka. Akautazama ukuta. Akamtazama muuguzi, akamwamkia. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, tangu kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Mke wangu," akasema, "kumbe umezeeka!"

Muuguzi alishika mdomo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, na kicheko kikageuka kilio, sikuweza kukizuia. Babu alinipigapiga mgongoni akisema uzee si ugonjwa.

Tuliporudi nyumbani aliutaka mshale wake. Akatoka nao juani, akauinua mbele ya jicho jipya.

"Mbaya," akasema. "Sura mbaya kabisa." Akaugeuza. "Bawa la kushoto mawili, la kulia moja."

Nikatazama chini.

"Siku ile nilijua," akasema. "Nilipoufikisha mdomoni tu nilijua huu hauendi popote. Na kanga wa porini ana mafuta gani yale? Halafu wewe ulipiga kelele 'umempata' mshale bado uko hewani."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilisikia sauti yako." Akakohoa, akageuza uso upande wa korongo. "Nikasema, huyu mwanamke ananitaka nione. Basi nikala."

Niliomba msamaha, yeye akapunga mkono kama anayefukuza inzi. Bado alikuwa anatazama korongoni, kule walikookota vijiwe.

"Wale nimewasamehe," akasema.

"Akina nani?"

"Watu wa mawe. Unafikiri walipiga kanga wao wote wenyewe?" Akanirudishia mshale. "Nao walikuwa na wake zao."