Mkono Uliobaki Pichani

Picha nilisafishia jikoni kwangu, Shauri Moyo: blanketi dirishani, taa nyekundu, beseni tatu mezani, na ole wake aliyefungua mlango bila kubisha.

Siku moja aliyebisha alikuwa kaka mkubwa wa marehemu jirani yangu, yule mfanyakazi wa reli tuliyemzika wiki iliyotangulia kwao magharibi. Kamera nilibeba mimi. Kwa watu wa kwao, picha ya jeneza si ukumbusho tu. Mke husimama kichwani pa jeneza, watoto mbele yake, ndugu hufuata, na picha hiyo utaiona hadi kortini Makadara watu wakigombania haki za marehemu.

"Fundi," akaniambia, akimwonyesha mjane kwenye filamu, "huyu mama sisi hatumtambui. Hakutolewa mahari. Kata yeye."

Huyu mama! Mwanamke aliyeishi na ndugu yake miaka minane katika chumba kimoja, akamwogesha alipolemewa na ugonjwa, wao hata mlango wake hawaujui! Wahenga walisema kufa kufaana. Hawa walikuja kufaana mchana kweupe.

Na mimi nilikata. Aibu yangu naisema mwenyewe. Nililelewa kutobishana na wazee, hasa wenye msiba. Nikasogeza fremu mpaka mwanga wa mashine ya kukuzia picha ukamwacha mama nje, nikahesabu sekunde, nikaitia karatasi kwenye dawa. Nyuso zikajitokeza polepole: ndugu, mashemeji, watoto. Kisha juu ya bega la kitinda mimba ukatokea mkono wenye saa ya marehemu, umemshika mtoto asianguke. Mwenye mkono hayupo.

Nikamwonyesha, nikitumaini ataona haya. "Si unaona, mzee? Mkono umebaki."

Akaiinua picha, maji yakimdondokea viatuni, akaitazama kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Basi kata na mtoto."

Mtoto wa ndugu yake! Mwenye paji la uso lilelile la marehemu!

"Toka!" nilimfokea. "Toka kwangu, mzee mzima huna haya!" Nikaichana ile picha mbele yake. Nikarudi gizani, nikaifungua fremu yote, nikasafisha picha nzima kwenye karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Sikungoja ikauke. Nilivuka ua nayo, nikamkabidhi yule mjane ikiwa bado inachuruzika.

Aliitazama, akaweka kidole ukingoni, pale alipokuwa amesimama. Nilidhani atanishukuru.

"Fundi," akasema, "si ni wewe uliniambia nisogee pembeni?"

Ni kweli, nilimwambia, siku ya mazishi. Nilikuwa nimeinamia kamera, yule kaka akaninong'oneza, "Msogeze huyo mama kidogo, tuonekane wote." Nami nikamsogeza, hatua moja, hatua mbili, hadi ukingoni kabisa ambako fremu ingemkata bila shida. Kaburi lilikuwa bado wazi, na kazi yao nilikuwa nimeshawafanyia.