Mukwe Yangu Polycarpe na Mupira ya Bahindi

Polycarpe alioa mutoto yangu Wivine imepita miaka kumi na kenda, na mu hii miaka yote hajanitazama mu macho hata mara moja. Njo bizuri. Kwetu mwanaume hatazami mama ya bibi yake. Akinikuta mu njia anainamisha kichwa na kupita pembeni, karibu aingie mu mufereji. Mara moja aliingia kabisa. Nilingojea afike mbali, njo nikacheka.

Ni mutu ya kazi. Zamani alikuwa ku mugodi ya Mutoshi, si kuchimba, kufunga mifuko ya mawe. Miaka munane kazi ni ile moja: kamata shingo ya mufuko, ipotoe na bidole, funga kamba. Bidole yake ikakuwa nguvu sawa koleo. Sasa ni zamu, mulinzi ku depo ya Muhindi mumoja, Bhavesh, muuzaji wa misumari na mabati.

Bahindi ba Kolwezi, siku ya yenga, siku ya kupumzika, banachezaka kriketi mu kiwanja nyuma ya ile depo. Polycarpe alikuwa anabalindia biatu. Siku moja muchezaji wao mumoja akashikwa na malaria, bakapatia Polycarpe mupira. Ni mupira mugumu, mwekundu, ya kuvunja meno. Unaitupa mukono ikiwa imenyooka, inadunda chini mara moja mbele ya mutu ya kibao, na yeye anaipiga isiangushe bijiti tatu ya nyuma yake. Polycarpe akatupa vile alikuwa anafunga mifuko, na kupotoa bidole. Mupira ikadunda, ikageuka, bijiti ikaanguka. Bhavesh akakumbatia zamu yake mbele ya batu bote. Ya pili ikapita juu ya kichwa ya mutu ya kibao. Ya tatu ikadunda karibu na miguu ya Polycarpe mwenyewe.

Bhavesh akamuambia: "Kugeuza unajua. Fasi ya kuangusha mupira haujui. Ba Likasi banakuya kucheza na sisi kisha mwezi moja. Ukijifunza kuangusha fasi moja kila mara, utacheza. Ukishindwa, urudie ku biatu."

Polycarpe ana miaka makumi ine na sita na batoto batano, na sijasikia siku moja anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Hii aliitaka. Wivine akakata drap, shuka ya kitanda yao, akamushonea suruali nyeupe sawa ya Bahindi. Maua ya drap ikabakia nyuma, fasi ya kukalia.

Kila asubuhi mbele ya kazi, akaanza kujifunza mu lupango, kiwanja moja ya nyumba yao na yangu. Alisimamisha bijiti tatu ku ukuta ya choo. Lakini katikati ya lupango njo fasi yangu ya kuanika muhogo. Wivine akatumwa kuniomba nihamishe turubai. Nikamuambia apelekee bwana yake hii jibu: muhogo haikutoka mbali kumufata, ni yeye alikuya kuikuta.

Mupira ya kwanza ikaanguka mu muhogo.

Kutupa kitu mu chakula ya mama mukwe ni kosa, na ile kosa inalipwa na kuku. Sikuitunga mi. Magaribi ile Wivine akaniletea kuku moja, miguu imefungwa. Kisha siku mbili, ingine. Balikuwa na kuku saba. Juma ikiisha, ine ilikuwa kwangu. Jirani Fidélie akauliza juu ya ukuta kama nimefungua soko.

Polycarpe aliona ubaya iko mu bidole. Akaipaka mawese, mupira ikamuponyoka, ikanipatia kuku ya tano. Wivine akakuya kunilalamikia kwamba batoto hawapate tena mayai ya kutosha, nimuhurumie bwana yake.

"Namuhurumia," nikamuambia. "Njo maana sijaitisha mbuzi."

Kesho yake jua ilikuwa kali. Nikabeba kiti yangu, nikakaa mu kivuli ya ukuta ya choo, nyuma ya bijiti. Polycarpe akainua macho, akanikuta, akainamisha macho mpaka chini. Akatupa hivyo hivyo. Mupira ikaruka juu ya muhogo, ikadunda pa ufa ya sementi, mbele ya bijiti. Akatupa tena: pa ufa. Mara sita, pa ufa. Nikasimama, nikaingia mu nyumba kuchukua tumbako yangu. Mbele nifungue kikopo nikasikia turubai: pwaa. Kuku ya sita.

Pale njo nilielewa. Macho yake njo ilikuwa inamupoteza. Akitazama bijiti, roho inakimbia mbele ya mukono. Akitazama chini, anaona fasi ya kuangusha. Nikatuma Wivine kumuelezea. Bwana yake akarudisha jibu kwamba, kwa heshima yote, ni mi njo ninamuharibishia. Sikubishana. Nikakaa nyuma ya bijiti kila asubuhi mpaka mwezi ikaisha, na kuku ya saba ikaendelea kutaga.

Siku ya ba Likasi, nilienda na kiti yangu bila kuitwa. Nikakaa nyuma ya bijiti. Mumoja wao akaniomba nirudie mpaka inje ya kamba ya kuzunguka kiwanja, mupira isiniumize. Nikarudia, lakini mu mustari ile ile. Polycarpe akaona kitambaa yangu ya kichwa, macho chini. Akatoa mu muchezo batu batatu ya kibao.

Kisha Bhavesh, sababu ya jua, akamuhamisha atupie kutoka upande ingine. Sasa nilikuwa nyuma ya mugongo yake. Ba Likasi balibakisha mutu mumoja ya kibao, akitoka njo tumeshinda, na balikuwa banakosa pointi kenda tu kutufikia. Mupira ya kwanza ikapita juu ya kichwa ya mutu mpaka ku kamba: pointi ine. Ya pili ikadunda karibu, ikapigwa mpaka ku kamba: ine tena. Moja, njo tutakuwa sawa. Mbili, njo baende nayo Likasi. Nikaona Bhavesh anatazama fasi ya biatu.

Nikabeba kiti yangu. Sikuzunguka, kuzunguka ni ya batu benye magoti. Nikapita katikati ya kiwanja. Muchezo ikasimama. Mwamuzi akakuya mbio.

"Mama, hapa hapapitwe."

"Napita."

Nilipofika karibu, Polycarpe akageuka muzima, akanipatia mugongo na maua yake, mpaka nikapita. Nikafika ngambo, nikaweka kiti, nikakaa, nikakaza kitambaa.

"Muendelee," nikabaambia.

Polycarpe akageuka. Akainua macho, akainamisha. Mupira ikaanguka fasi ile, ikageuka, na kijiti ya katikati ikalala.

Bakamubeba juu. Alipopitishwa mbele yangu, alijifunika uso na mikono yote mbili.

Magaribi Wivine akakuya na kuku ya saba. Nikamuuliza bwana yake aliharibisha nini. Akasema hakuna, ni aksanti. Na bwana yake anauliza, kwa heshima yote, kama mama atakubali kupanda basi kwenda Likasi mwezi inakuya, kule batarudiana.

Nikasema nitaenda, lakini nakaa mbele na shofere, na kiti yangu hawaifunge juu ya basi. Ile kuku nikairudisha, batoto bakule mayai. Zile sita, hapana. Zile ilikuwa sheria.