Nywele za Dada

Mafuta ya nazi yakichemshwa pamoja na uwatu hutoa harufu nzito, tamu kwa mbele na chungu kwa nyuma, na ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ufue namna gani. Wiki iliyopita mteja mmoja aliingia saluni kwangu hapa Segese na kichupa cha mafuta hayo, akaomba nimpake kabla ya kumsuka. Nikafungua kizibo, nikakaa chini. Wasichana wangu wakadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Niliwaambia wafanye kazi, waache umbeya. Ninyi nitawaambia, maana hamwajui watu wa Masumbwe na hamtapeleka maneno.

Nilikuwa na miaka kama minane mama aliponipeleka Masumbwe kukaa na dada yangu, Mbuke. Mvua ilikuwa imetunyima, nyumbani tunalala na uji mwepesi, na Mbuke alikuwa anafanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi iliyouza vitenge, makarai na sululu za wachimbaji. Mwenye duka tulimwita Baba Nilesh. Alizaliwa palepale Masumbwe, na Kisukuma chake kilinyooka kuliko changu. Wazee wa vijijini walikuja dukani kupiga naye soga tu, hata kama hawanunui kitu. Mkewe alikuwa mtu wa makelele, ila hakuwa mchoyo. Siku niliyofika alinikagua kichwa chote akitafuta chawa, alipokosa akanipa chapati mbili.

Mbuke alikuwa na miaka kumi na minane, na jamani, alikuwa na nywele! Nyeusi, nzito, akizifumua zinasimama mpaka mlango wa banda letu la uani unaonekana mdogo. Alikuwa anazitunza kwa sababu. Kijana mmoja wa hapa Segese, fundi baiskeli, alikuwa amemleta mshenga nyumbani, na baba alikuwa ameshaitikia. Watu wa posa wangekuja baada ya mavuno. Mbuke alikuwa ameshachagua mtindo atakaosuka siku hiyo, na kila jioni alinionyesha kwa vidole njia zitakavyopita kichwani.

Shida yangu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa neno moja dogo tu. Kwetu mkubwa wako humwiti kwa jina lake kavukavu. Ukithubutu, unapigwa kofi la mdomo. Mimi nilikuwa naita "Dada!" kutwa nzima, kama mtoto yeyote. Sasa kila nikiita, kutoka barazani sauti ya kizee inaitika, "Naam!" Kumbe kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, na babu wa nyumba ile, mzee mwenye miguu iliyovimba na macho ya ukungu, aliitwa Dada na kila mtu, hata na wapagazi wa dukani. Mama Nilesh alinijia na mwiko mkononi.

"We mtoto, hapa Dada ni mmoja tu. Huyo mwite Mbuke."

Mtihani gani huo! Nikawa bubu. Nikimtaka dada yangu namvuta kanga. Mzee ndiye aliyegundua, na ndiye aliyetoa hukumu, akicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Mwacheni aite. Akiita, naitika mimi, halafu namwita mwenyewe." Ikawa hivyo. Naita "Dada!", yeye "Naam!", kisha anapaza sauti, "Mbuke, mjukuu wangu, unatafutwa!" Aliifanya kazi hiyo kwa furaha, nadhani ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebakiwa nayo.

Mjukuu wangu. Alimwita hivyo tangu zamani, kabla sijafika. Mbuke ndiye aliyemwosha miguu, akamkata kucha, akamlisha wali wa choroko uliopondwa, akamfuta mdomo. Mama Nilesh alikuwa anamkwepa kwa ile harufu ya ugonjwa, na Baba Nilesh yuko dukani. Mzee naye alikuwa na chupa yake ya mafuta ya nazi yenye uwatu, ya kuchulia magoti. Kila wakimaliza humwambia Mbuke afungue kiganja, anammiminia yaliyobaki. "Paka kichwani. Nywele nzuri zina njaa." Ndiyo maana banda letu lote lilinuka vile.

Alifariki asubuhi moja akiwa kwenye kiti chake, Mbuke akiwa jikoni anampashia maji ya kuoga. Mbuke ndiye aliyemfunga macho. Baada ya hapo hakuruhusiwa tena kumgusa. Ndugu walianza kuingia kutoka Shinyanga, Tabora na Mwanza, nyumba ikajaa sari nyeupe, na sisi tukawa watu wa kuosha sufuria. Msibani pale mkubwa wa wote alikuwa dada wa marehemu, bibi mkavu waliyemwita Faiba, yaani shangazi. Hakuna aliyekunywa maji kabla yake.

Maiti ikachomwa kwa desturi yao, halafu ikaja siku ya kunyoa. Kinyozi akaketi uani, Baba Nilesh akavua shati, akainamisha kichwa. Akafuata mdogo wake, kisha Nilesh, mtoto wa rika langu, ambaye alilia kwa sababu wembe ulikuwa wa baridi. Mbuke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na beseni la vikombe. Nilimwona anavyowatazama. Niwaambie, kwetu pia ndivyo. Guku, babu yetu, alipofariki, ukoo mzima ulinyolewa, wanaume kwa wanawake, hata mimi niliyekuwa nanyonya. Mfiwa ananyolewa na wenzake wa msibani, na siku ya kuanua matanga wazee wanakuambia, basi, sasa acha ziote. Mbuke akaona desturi ya watu hawa na yetu ni moja. Angejuaje?

"Niletee maji," aliniambia. Tuliingia bandani. Alifumua nywele zake, akachukua wembe, akaanza kwa mbele.

"Dada, na posa je?" nikauliza.

"Zitaota. Mimi ndiye nimemuuguza, alikuwa ananiita mjukuu. Nikae na nywele mimi kama nani?" Alikuwa analia bila sauti, huku wembe unaendelea. Zile nywele zilianguka kwenye ndoo, zikaelea juu ya maji na mafuta yao.

Akajifuta, akabeba sinia la chai, akaingia nalo sebuleni kwa wanawake, kichwa kinang'aa. Nami nyuma yake na sukari. Faiba akajiziba mdomo kwa pindo la sari, akasema maneno machache kwa Kigujarati, taratibu, na nikaona uso wa Mama Nilesh unabadilika rangi. Sikuelewa kitu. Nilesh, aliyekuwa amekaa mlangoni na kipara chake kipya, ndiye aliyeninong'oneza.

"Kwetu wanawake hawanyoi. Zamani alikuwa ananyolewa mjane tu. Faiba anasema dada yako anatuonyesha kwamba alikuwa mke wa Dada."

Mama Nilesh alilipiga lile sinia, chai ya moto ikamwagikia Mbuke tumboni. Akamshika shingo ya gauni, akamburuta mpaka uani, anamwita malaya mbele ya kinyozi, mbele ya wapagazi, mbele ya majirani waliochungulia ukutani. Mbuke anasema tu, "Mama, ni babu yangu, mama, ni babu yangu," na kila akisema hivyo anaongezwa kofi. Baba Nilesh alitoka dukani. Mbuke alimgeukia, akamwambia kwa Kisukuma, kwa adabu zote, kwamba kwetu wafiwa hunyoa, baba unajua. Yule bwana akatazama ndala zake. Akapitisha kiganja kwenye kipara chake, akarudi ndani. Tulitupiwa vitu vyetu barabarani, na godoro letu likabaki.

Mngedhani watu wetu wangemwelewa. Thubutu! Habari ilitufikia stendi kabla hatujafika wenyewe. Waendesha bodaboda, vijana wa Kisukuma watupu, ambao mama zao wote wamewahi kunyoa misibani, walipiga honi na kuimba, "Mjane! Mjane wa Mhindi! Umeachiwa duka?" Mwanamke mmoja muuza karanga akamtemea mate pembeni ya mguu. Mbuke alijifunika kanga, wakamvua ili waone vizuri.

Nyumbani mama alisikiliza kisa chote akiwa anapepeta, hakuacha kupepeta. Kisha akauliza, "Nani alikutuma kunyolea maiti isiyo ya kwetu? Unataka tufe sisi?" Akamkataza kulala nyumba kubwa. Mbuke akaenda kulala kwenye banda la mbuzi, na mimi niliponyemelea kumpelekea uji nilichapwa. Mshenga alikuja kabla ya mavuno, hakukaa hata kwenye kigoda. Alisema kijana wao bado anajipanga. Mvulana huyo alioa mwaka uleule, na leo mkewe ananunua rasta saluni kwangu, mwanamke mzuri tu, hana habari.

Mbuke alikwenda Geita kupikia wachimbaji. Yuko huko mpaka sasa, anakaanga samaki karibu na mashimo, anasikilizwa na wanaume wenye sululu na hakuna anayethubutu kumtania. Hakuolewa. Na hajawahi kuacha nywele ziote. Miaka mingi nilidhani ni hasira, au kwamba moshi wa jikoni unamsumbua. Nilishawahi hata kumgombeza: dada yangu nina saluni, na wewe unatembea na kipara, unanitangazia biashara gani?

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, tulipomzika mama. Tulinyolewa wote, na siku ya kuanua matanga shangazi yetu akapita akitugusa vichwa mmoja mmoja, anatuambia, acha ziote. Mbuke alipoguswa aliushika mkono wake, akauliza, "Na za yule?" Shangazi hakujua anaulizwa nini, akapita. Mimi nilijua. Msiba wa Dada haukuanuliwa kamwe. Waliokuwa na haki ya kumwambia acha ziote walimtupa barabarani, na wa kwetu walikataa kwamba kuna msiba. Na yule Baba Nilesh, Mungu anisamehe, alijua kila kitu. Alikuwa ameketi kwenye misiba yetu mara nyingi kuliko mimi. Neno lake moja kwa shangazi yake lingetosha, akaona heri aibu imkae mpishi. Namchukia mpaka leo, na sioni kwa nini niache.

Sasa sikieni. Yule mteja mwenye kichupa ni Mnigeria, mumewe ana shughuli za dhahabu Geita. Alikuja na mtoto wake wa kiume, nywele zimejisokota zenyewe tangu kuzaliwa. Nilipomuuliza jina la mtoto akasema, Dada. Nikacheka, nikamwambia huku kwetu huyo angekuwa msichana. Akanieleza kwamba kwa Wayoruba mtoto akizaliwa na nywele hizo huitwa hivyo, na kichwa chake hakishikwi ovyo na mkasi. Siku ya kuzikata ukoo unakusanyika, wanapika, mtoto anabembelezwa kwa zawadi.

Jumamosi Mbuke alikuja, kama anavyokuja kila mwezi. Aliketi kwenye kiti, akainamisha kichwa, ambacho sasa kina mvi zilizochomoza kidogo. Huku napasha maji nilimsimulia habari ya yule mtoto, nikidhani atacheka.

"Ukoo mzima?" akauliza.

"Mzima, dada. Na chakula."

Akajifunga taulo vizuri shingoni.

"Haya, nyoa," akasema. "Maji yanapoa."